Fundi wa kanda za video Ngamiani: kazi safi, ila mwambie mapema asibane sana

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kuhamishia kanda ya zamani kwenye DVD ni shilingi elfu kumi na tano kwa kaseti moja, diski ikiwemo. Ukitaka na faili la MP4 kwenye flashi yako, ongeza elfu tano. Wapo wanaofanya kwa nusu ya hiyo hapahapa Tanga mjini, na kazi zao nimeshaziona kwa majirani. Huyu wa Ngamiani, upande wa Barabara ya Kumi na Mbili, namsifu, ila nina neno naye.

Kaseti zangu ni zile ndogo za Video8, za dakika 90, alizorekodi marehemu kaka yangu kwa Handycam aliyokuja nayo likizo kutoka Maskati. Kamera ilishakufa zamani. Fundi anayo ya kwake nzima, na hilo tu latosha kumfuata, kwa sababu deki za VHS zilizobaki majumbani haziingii kaseti hizi.

Kabla hajatumbukiza chochote aliinua kaseti mojamoja kwenye mwanga, akachungulia kidirishani. Moja ilikuwa na unga mweupe pembeni mwa utepe. "Shangazi, hii imeota ukungu. Nikiiweka hivi hivi inachafua hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, halafu kaseti ya mwenzio itakayofuata nayo inaupata." Akaitenga, akaja kuifungua na kuisafisha kwa malipo ya ziada. Kwa unyevu wetu huu wa pwani, na kabati lenyewe limeegemea ukuta wa bafu, nilishangaa kuwa ni hiyo tu.

Ila usiende na mambo ya waja leo waondoka leo. Kanda lazima ichezwe mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta ikirekodi. Kama ni dakika 90, ni dakika 90 hizohizo, kisha ndipo aanze kubana, yaani kupunguza ukubwa wa video ienee, na kuichoma kwenye diski. Acha mzigo, acha namba ya simu, nenda zako sokoni.

Sasa neno langu. Diski ya kwanza aliyonipa ilikuwa na kaseti mbili, saa tatu nzima kwenye DVD moja ya GB 4.7. Nadhani alitaka kuniokolea hela. Nikaiweka. Mzee wetu anaozesha, kakaa kitako kwenye mkeka, picha safi, ndevu unazihesabu. Ilipofika ngoma ya wanawake uani, balaa! Kanga zote zimekatika vipande vya mraba, nyuso zinayeyuka kila mtu akigeuka. Bibi yetu mwenyewe nilimjua kwa sauti.

Nikamrudia. Hakubisha, akanivutia kigoda akanieleza. DVD inatumia njia ya kubana video iitwayo MPEG-2, nayo haihifadhi kila picha nzima. Inaweka moja kamili, halafu kwa zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Mzee aliyetulia mkekani hatumii nafasi kubwa. Wanawake wamejaa uani na kanga za maua, wanazunguka, hapo kila kitu kinabadilika, na picha ni 25 kwa sekunde. GB 4.7 ukiigawa kwa saa tatu unabaki na kama megabiti 3 na nusu kwa sekunde, ngoma inazidi. Kaseti moja kwa diski moja inakupa karibu 7. Tena akaniambia chenga za kanda kuukuu nazo zinakula nafasi, maana kompyuta haijui kuwa ni chenga. Inazihangaikia kama vitu vinavyotembea.

Akachoma upya bila kudai hata senti. Maua ya kanga yakarudi mahali pake, na bibi nikamwona, anapiga vigelegele na mtandio umemwanguka.

Nimeridhika, lakini nauliza: mtu anayejua yote hayo, kwa nini asimwambie mteja tangu mwanzo? Wengi hawatarudi kulalamika. Watadhani kanda zao ndizo zilizooza, watazitupa, basi tena. Kwa hiyo mwambieni nyie: kaseti moja, diski moja.

Kwenye MP4 sina la kusema. Alitumia H.264, inayobana vizuri kuliko MPEG-2, kaseti nzima ikaingia kwenye chini ya GB 3 na ngoma haikuharibika. Ile mistari inayoonekana kwenye mikono ikipungwa, inayotokana na kamera hizi kurekodi picha nusu nusu, mstari mmoja ndiyo mwingine siyo, aliiondoa bila kuambiwa. Kwenye DVD ameiacha makusudi, maana runinga na deki vinajua kuishughulikia.

Jingine lililonipendeza: anachoma kwa spidi ndogo, kisha anaijaribu diski kwenye deki nyingine kabla ya kukukabidhi, na jina analiandika kwa kalamu ya wino, habandiki karatasi. Lakini msitegemee diski peke yake. Laptopu ya binti yangu haina hata pa kuiingizia. MP4 ndiyo iliyofika Maskati kwa watoto wa kaka, siku hiyohiyo.

Ijumaa mchana hufunga, hufungua baada ya swala. Flashi nendeni nazo wenyewe. Za kwake bei yake haishikiki.