Seti ya sola ya "wati 1000": pesa yako inaenda wapi?

Seti inayotoka sana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, Kariakoo mpaka mikoani, ina paneli mbili za wati 100, betri ya jeli ya volti 12 Ah 200 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), inveta ya wati 1000, kontrola ya chaji ya ampea 20 aina ya PWM, ile ya kawaida, na taa chache. Dukani inaitwa seti ya wati 1000. Hiyo 1000 ni ya inveta peke yake: mzigo inaoweza kuubeba kwa mara moja. Inveta haizalishi umeme, inabadili tu wa betri uwe wa kuendesha vifaa vya nyumbani. Umeme unatoka kwenye paneli, na paneli hapo ni wati 200 tu.

Vifaa vyenyewe si vibaya. Kibaya ni jinsi pesa ya mnunuzi ilivyogawanywa.

Piga hesabu ya siku moja. Jua la nguvu kamili Dar es Salaam na Pwani ni kama saa 5 kwa siku, na miezi ya mawingu hupungua. Wati 200 mara saa 5 ni wati-saa 1000. Toa joto la paneli, vumbi, waya na betri, unabaki na kama 700. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5 zinakula 225. Televisheni ya inchi 32 ya wati 40 kwa saa 5 ni 200, king'amuzi 75, simu tatu 45. Jumla 545, inatosha. Ukiwasha feni ya wati 50 usiku kucha, saa 8, umeongeza 400 na hesabu imeshavunjika. Friji usiifikirie kabisa kwa seti hii.

Kuna mlaji mwingine ambaye muuzaji hamtaji. Inveta ya ukubwa huo ikiwa imewashwa bila kitu chochote inakula kama wati 10. Kwa saa 24 ni wati-saa 240, theluthi ya umeme wote wa siku. Taa zifungwe za volti 12 moja kwa moja kwenye kontrola, na inveta iwashwe wakati wa televisheni tu, kisha izimwe kwenye swichi yake yenyewe, si kwenye rimoti.

Tatizo kubwa zaidi ni betri. Betri ya jeli inataka chaji ya takribani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: Ah 200 inataka ampea 20. Paneli mbili za wati 100 zinatoa kama ampea 11. Kwa saa 5 hizo ni Ah 55. Ukishaitumia nusu, Ah 100, itahitaji karibu siku mbili za jua bila kuguswa ili ijae, na hakuna nyumba inayokaa gizani siku mbili. Kwa hiyo haijai kamwe. Jeli ni betri ya madini ya risasi, na betri ya risasi isiyojaa huota salfeti kwenye mabamba yake, ukoko mgumu ambao chaji ya kawaida haiutoi, na uwezo unashuka mwezi hadi mwezi. Baada ya mwaka mteja anasema ameuziwa betri feki. Mara nyingi haikuwa feki, ilikuwa na njaa.

Dawa yake ni rahisi na haiongezi gharama sana: mwambie muuzaji akupe betri ya Ah 100 badala ya 200, na tofauti ya bei uiweke kwenye paneli. Ukiitaka 200 kwa lazima, paneli ziwe nne, na kontrola iwe ya ampea 30, kwa sababu paneli nne zinasukuma ampea 22 na ile ya 20 inaweza kuungua.

Feki nazo zipo, na zinapimika papo hapo. Jua kali linaleta kama wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za sasa zinakamata kama asilimia 20. Chukua futi kamba: paneli yenye eneo la nusu mita ya mraba ni ya wati 100 au zaidi kidogo. Ikiwa lebo yake inasema 250, lebo inadanganya. Betri nayo ibebe. Jeli halisi ya Ah 200 inakaribia kilo 60 na inahitaji watu wawili. Akiinyanyua kijana mmoja kwa mkono mmoja, ndani hamna risasi ya kutosha.

Jeli au lithiamu? Tuseme jeli ya Ah 200 ni shilingi 500,000 na lithiamu fosfeti ya Ah 100 ni 900,000; weka bei za duka lako. Jeli ukiitumia nusu tu inatoa uniti 1.2 (uniti moja ni wati-saa 1000) kila mzunguko, yaani kila inapotumika na kuchajiwa tena, na mizunguko 500 ni uniti 600: shilingi 833 kwa uniti. Lithiamu ukiitumia asilimia 80 inatoa uniti 1.02, mara mizunguko 3000, inakuja kama shilingi 293. Ya bei kubwa ndiyo nafuu, mradi kontrola iwe na mpangilio wa lithiamu.

Waya ndipo mafundi wengi wanapobania. Paneli ya volti 12 ina kama volti 18 kazini, lakini juu ya bati la moto hushuka mpaka 15.5. Waya wa milimita 2.5 wenye urefu wa mita 10 toka paani unapoteza volti 1.6 kwa ampea 11. Kinachofika ni 13.9, na jeli inataka zaidi ya 14 ili ijae. Waya wa milimita 6 unapoteza 0.7 tu. Kwa inveta, waya wa milimita 25, mfupi, na fyuzi ya ampea 125 karibu na chanya ya betri. Wakati wa kufunga, betri iingie kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, kinyume chake.

Kama nguzo zimeshafika kwako, seti hii haitajilipa kwa kuokoa LUKU. Inatoa kama uniti 21 kwa mwezi. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida wa umeme, shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 6,132. Kwa D1, kundi la nyumba zenye matumizi madogo, ya shilingi 100 ni 2,100. Kuunganishiwa umeme kijijini kwa 27,000 kunaishinda seti yoyote. Inunue kwa ajili ya kukatika kwa umeme, au kama nguzo ziko mbali.

Na ukikopeshwa kwa malipo ya kila siku, zidisha kabla hujasaini: 1,500 kwa siku 730, pamoja na kianzio cha 50,000, ni 1,145,000. Linganisha na bei ya taslimu ya vifaa vilevile, kimoja kimoja.