Reli ya Kioo na Stenlesi Juu ya Deki ya Mbao: Inafaa Nyumba ya Ufukweni Malindi?

Karibuni watazamaji. Mezani hapa tuna seti nzima ya reli: nguzo 4 za stenlesi, vioo 3 vya milimita 10, vishikio 12 vya kubana kioo, na mfuko wa skrubu. Nguzo na vioo nunueni. Mfuko huu wa skrubu uwekeni kando, na sababu mtaiona sasa hivi.

Tuanze na chuma. Nguzo hizi ni daraja la 316. Malindi, ukivuma kaskazi au kusi, chumvi inafika mpaka barazani, na nyumba inayotazama bahari haipati likizo. Stenlesi ya 304, hii ya masinki na masufuria, ikikaa nje hapa haichukui muda kutoka madoa ya rangi ya chai. Daraja la 316 limetiwa madini ya molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe vishimo. Muuzaji akitoa sumaku kukuthibitishia, usikubali. Sumaku haitofautishi 304 na 316. Mwambie alete cheti cha kiwanda, au apime mbele yako kwa tone la dawa ya kupimia molibdeni. Na chukueni iliyong'arishwa mpaka unajiona usoni. Ile ya mistari inapendeza dukani, lakini chumvi hujificha mle mle mistarini.

Haya, skrubu. Hizi ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Skrubu ndogo ya chuma ikigusana na nguzo kubwa ya stenlesi kwenye unyevu wa chumvi, inayoliwa ni skrubu, tena upesi. Nguzo itabaki inang'aa huku kinachoishika kimeoza chini yake. Nunueni bolti na skrubu za 316 kando, hata kama bei inauma.

Deki yenyewe sasa. Mbao ziwe mbambakofi au mvule. Mvinje usiotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Mihimili ikae sentimita 40 kati kwa kati, juu ya vitako vya zege vilivyoinuka kutoka ardhini, na hewa ipite chini. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hiyo, una chumvi. Ubao wa milimita 25 unataka skrubu ya milimita 60, mbili kwa kila mhimili. Toboeni kwanza kwa drili, maana mbambakofi hukata shingo ya skrubu. Acheni mwanya wa milimita 5 kati ya mbao, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, maji yakimbie ukuta.

Hapa sasa nisikilizeni vizuri, maana ndipo reli nyingi zinapoangukia. Fundi anaiweka nguzo juu ya ubao na kuifunga kwa skrubu 4 za mbao. Nguzo ina urefu wa mita 1.1. Mtu akiegemea juu kwa nguvu ya kilo 70, na kuna sentimita 9 tu kutoka bolti hadi ukingo wa bamba la chini, bolti za nyuma zinavutwa kwa zaidi ya kilo 850. Ubao wa milimita 25 utashika nini hapo? Kata ubao, weka gogo zito la mbao kati ya mihimili miwili, bamba likalie gogo hilo, kisha bolti 4 za M10, yaani za unene wa milimita 10, zipite mpaka chini zipate washa pana na nati.

Vioo msiviagize kabla nguzo hazijasimama. Hivi ni vya tempa, yaani vimekomazwa kwa moto, na kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi tena. Ukikosea kipimo umenunua kioo cha nyumba nyingine. Pimeni juu, katikati na chini. Mwanya wowote uwe chini ya sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Raba za vishikio ziwe za milimita 10 hasa, kioo kisiguse chuma hata kidogo. Mita moja ya mraba ina kilo 25, kwa hiyo wainue watu wawili. Ndugu zetu wa Lamu, mnaovusha vioo kwa mashua kutoka Mokowe, fungeni pembe na kingo kwa maboksi: kioo hiki kinavumilia kugongwa usoni, si pembeni.

Upungufu mmoja wa seti: haina bomba la juu la kushika kwa mkono. Kioo kimoja cha tempa kikivunjika kinamwagika chote na uwazi unabaki. Deki ikiwa juu ya ghorofa, ongezeni bomba hilo, au itisheni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja.

Kuosha ni maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, na kitambaa laini. Dawa ya klorini na sufi ya chuma visiguse stenlesi. Kaskazi ya kwanza ikikausha mbao zitasinyaa na nati zitalegea, basi ikifika Machi ingieni chini ya deki na spana, mkaze zote upya.