Zeus X kwa sisi wa Mbeya: tenki ya kusuka koili mwenyewe, na habari ya betri

Wakuu wa nyanda za juu, kama mmeacha sigara mkahamia kwenye vepu na mmechoka kuhangaika na koili za kiwandani (koili ni kile kiwaya kinachopasha juisi moto iwe mvuke), hii Zeus X ya GeekVape ndo tenki, yaani kile kichwa cha vepu kinachobeba juisi na koili, ninayowashauri, tena kwa moyo wote, ila sehemu kubwa ya maelezo yangu itaenda kwenye betri maana huko ndo watu wanaumia. Na wewe mdogo wangu ambaye huvuti kitu chochote usianzie hapa, nikotini ikikushika haikuachii kirahisi, hii ni habari ya watu wazima waliokuwa wanavuta fegi.

Kwanini ya kusuka? Kwa sababu huku kwetu koili za kiwandani ni bahati nasibu, leo unazikuta soko la Mwanjelwa, mwezi ujao hiyo modeli hakuna, unaambiwa subiri mzigo wa Dar, na tenki isiyo na koili ni kopo tu. Ukiwa na tenki ya kusuka unachohitaji ni waya, pamba, bisibisi ndogo na mkasi mkali, roli moja ya waya inatoa koili nyingi sana na mfuko wa pamba unakaa muda mrefu. Bei ya tenki yenyewe siandiki, inabadilika kila mzigo ukiingia.

Ina kipenyo cha milimita 25 kwahiyo angalia modi yako (kile kifaa cha chini chenye betri na kitufe) isije ikazidiwa pembeni, uzi wake wa chini wa kufungia kwenye modi ni 510 wa kawaida, na inakubali koili moja au mbili. Kilichonikosha ni hewa kuingia kwa juu. Tenki nyingi zina matundu chini, juisi ikizidi kwenye pamba inatokea hapohapo inalowanisha modi na mfuko wa suruali, hii juisi haina njia ya chini.

Ila hata hii msiipandishe mlima ikiwa nusu. Dar ni usawa wa bahari na Mbeya tuko kama mita 1,700, ukifunga tenki yako Dar yenye juisi nusu na hewa nusu, basi likishapanda Kitonga ile hewa iliyofungiwa ndani inatanuka maana nje mgandamizo umepungua, na inaisukuma juisi itoke kwenye pamba. Watu wanalaumu oringi, oringi ni nzima, ni mlima tu. Safiri nayo tupu, jaza ukifika.

Sasa kusuka kwenyewe. Kwa anayeanza nasema waya wa kanthal geji 24 (geji ni unene wa waya), mizunguko 6 kwenye kijiti cha milimita 3, inakuja kwenye 0.5 omu hivi. Ni sawasawa na fundi anavyosuka mota, mizunguko ikikaa vibaya moto nao unakaa vibaya. Funga miguu ya waya vizuri lakini usikaze skrubu kwa hasira vichwa vinalika, kata mabaki yasiguse ukuta wa tenki maana hapo ni shoti, halafu kabla ya pamba weka wati ndogo ubonyeze kidogokidogo uangalie inavyowaka. Inatakiwa iwe nyekundu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukiona kuna sehemu inawaka peke yake kwa ukali, acha ipoe, ikune kidogo na koleo ya kauri, bonyeza tena, mpaka iwake sare. Ukisuka mbili za 0.5 pamoja zinakupa 0.25, kumbuka hiyo namba tutairudia kwenye betri.

Pamba ndo inayowashinda wengi. Ipite kwenye koili kwa kubana kidogo, ukiivuta koili isipinde, mikia uichambue iwe myepesi, halafu ikae juu ya vile vitundu vya kupitishia juisi bila kushindiliwa. Ukishindilia juisi haipandi, unavuta pumzi kavu, koo linaungua na ladha ya moshi wa kitambaa, ikitokea hivyo hiyo pamba toa weka nyingine. Loweka kwanza kabisa, jaza tenki, subiri dakika kadhaa ndo uvute. Na msimu wetu wa Juni na Julai juisi nzito za VG 70 (yaani asilimia 70 ni gliserini) zinaganda kama asali, zinachelewa kufika kwenye koili, kwahiyo weka chupa mfukoni ipate joto la mwili kwanza au tumia juisi nyepesi kidogo, na usivute mfululizo asubuhi.

Kingine, hii ni tenki ya mvuke mwingi, nikotini ya 3 mg kwa mililita inatosha kabisa. Zile juisi za chumvi ya nikotini za 20 mg mpaka 50 mg ni za vipodi, yaani vile vivepu vidogo vya mvuke kidogo, ukizimimina humu kichwa kitakuzunguka na utatapika. Na chupa zikae mbali na watoto, jamani, harufu ni ya pipi na ndani ni sumu kwao.

Haya, betri. Modi nyingi zinatumia 18650, yaani kipenyo milimita 18 urefu 65. 18650 za kweli karibu zote hazivuki mAh 3600 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba), na hata chache zinazozidi hapo hazikaribii 9900, kwahiyo zile zinazouzwa mitaani na kwenye tochi zimeandikwa 9900 ni uongo mtupu, nyingine ukipasua gamba unakuta kibetri kidogo kimefichwa ndani. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo, na mkoa wetu mizani midogo ya digitali siyo shida, wanunuzi wa dhahabu wa Chunya wanazo, mwombe mmoja akupimie, ikija gramu 30 rudisha.

Halafu kuna hizi za kutoa kwenye laptopu mbovu, mafundi wanaziuza bei chee. Kwa tochi au redio sawa, kwa vepu HAPANA, hazikutengenezwa kutoa ampia nyingi kwa mkupuo. Hesabu ni hii, kwenye modi isiyo na chipu, yaani isiyo na ubao wa kudhibiti wati, chukua 4.2 ambayo ni volti ya betri iliyojaa gawanya kwa omu za koili. Koili ya 0.5 inavuta ampia 8.4, zile mbili za 0.25 zinavuta 16.8, ukishuka mpaka 0.2 ni 21. Modi yenye chipu unagawanya wati kwa volti ya betri ikikaribia kuisha, wati 60 kwa 3.2 ni karibu ampia 19, kwa betri moja hiyo ni kazi nzito. Mimi naamini Molicel P26A na Samsung 25R, 25R ni mAh 2500 na ampia 20, inatosha wati 40 hadi 50 bila presha. Modi ya betri mbili nunua mbili mpya pamoja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, usichanganye nzee na mpya.

Na gamba. Mwili mzima wa betri ni hasi mpaka karibu na kichwa chanya, kinachotenganisha ni kile kipete cheupe juu na plastiki nyembamba ya nje. Plastiki ikichanika hata kidogo usiweke kwenye modi, badilisha gamba, ni kitu cha bei ndogo sana. Usitembee nayo mfukoni pamoja na funguo na sarafu, nunua kasha la plastiki. Chaji kwenye chaja ya nje kwa ampia 1, ukiwepo na ukiwa macho, na wa Makete na Kitulo asubuhi ya baridi ya barafu acha betri ipate joto la chumba kabla ya kuichomeka.

Usafi ni mwepesi, pamba ikibadilika rangi toa, choma koili kavu kwa wati ndogo, isugue chini ya maji, weka pamba mpya. Juisi tamu sana zinachafua haraka. Tenki yenyewe maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke kabisa.

Mkienda kununua mwambieni muuzaji afungue boksi mbele yenu muone kioo cha akiba na oringi vipo, maana kioo kikipasuka huku kukipata ni kazi. Na anayepanda ndege Songwe, vepu na betri za akiba ni begi la mkononi tu, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.