Boti ya Shimoni kwenda Kisite: nilifuata pomboo, nikakutana na pono

Usingizi wa pono nimeusikia tangu mdogo, nyanya akinigongea mlango "amka we, walala kama pono!", lakini pono mwenyewe, yule samaki, nilikua namjua wa kwenye karai tu. Jumamosi nikamuona akiwa hai na mpaka sasa sijatulia.

Tulipanda boti Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, asubuhi, watu tisa. Pomboo walitokea kidogo wakazama, basi, hayo yakaisha. Faida ya hela yangu niliiona tulipofika Kisite, hifadhi ya bahari, kwa yule kijana wa kisiwa cha Wasini aliyeingia majini na sisi, akatwambia tusipigepige miguu, tutulie tusikilize. Wallahi nikasikia kru, kru, kru, kama mtu anatafuna ukoko wa wali. Pono! Kijani na buluu, mdomo kama wa kasuku, anakwangua jiwe la matumbawe na kila aking'ata anaacha alama nyeupe, halafu kasogea mbele kidogo akaachia wingu la mchanga nyuma yake. Kijana akatueleza kwamba kooni ana meno mengine ya kusagia, na mchanga mweupe tunaoupenda ufukweni mwingi wake umepita tumboni mwa hawa. Wale wa rangi ya udongo tuliowapuuza kumbe ndio majike, na dume akitoweka jike kubwa linageuka dume na rangi linabadilisha. Na usiku wako pono wanaotoa ute mdomoni wakajifunika nao mwili mzima kama chandarua, na ni chandarua kweli maana unawakinga na vidudu vya baharini vinavyonyonya damu. Nikamkumbuka nyanya pale pale.

Miwani ya kuzamia niliyopewa mie ilikua inavuja, wabadilishe mipira. Ila kilichoniuma ni chakula cha mchana, wali wa nazi mtamu sana lakini juu yake wakaweka pono wa kukaanga. Jamani, pono ndie anaefyeka majani kwenye mawe, na joto la 1998 liliua matumbawe mengi pwani yetu, majani yakitanda matumbawe machanga yatashika wapi? Tumetoka kumshangaa saa moja iliyopita, tunaletewa kwenye sahani! Nimemwambia mwenye boti kwa adabu, akanisikiliza.

Nendeni maji yakiwa yamekupwa, mtaona vizuri zaidi. Wakianza kupika kolekole ama pweza, mwezi ujao narudi na watoto.