Boksi jipya la kudhibiti pampu ya mafuta: nyota nne

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa, na nitaeleza kwa nini.

Ninalozungumzia ni boksi la kudhibiti pampu ya mafuta, lile mafundi wengi huliita kontroli boksi. Si la kampuni iliyotengeneza gari. Ni la mtengenezaji mwingine, lakini umbo, soketi na matundu ya bolti ni sawasawa na la awali. Nimelifunga kwenye pikapu ya petroli ya silinda sita inayobeba mzigo karibu kila siku, na nimeshapita nalo jua kali, vumbi na mvua za kutosha kusema ninachokijua.

Dalili zilikuwa hivi. Gari linawaka vizuri likiwa baridi. Likishapata moto, ukikanyaga mafuta linakosa nguvu, kisha linazima ghafla kana kwamba mtu amefunga swichi. Ukiliacha lipoe linawaka tena bila ubishi. Siku za mvua ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mashine ya kupima ikatoa kodi mbili, yaani namba za hitilafu, P0230 na P0087. Ya kwanza inahusu saketi ya umeme wa pampu, ya pili inasema presha kwenye reli ya mafuta, yaani bomba linalogawa mafuta kwa nozeli za injini, iko chini mno. Fundi wa kwanza akasoma kodi, akasema, “Pampu imekufa, tushushe tangi.” Nikakataa, maana hakuna kodi hata moja kati ya hizo inayosema pampu imekufa. Pampu nyingi nzima zinatupwa kwa namna hiyo, halafu gari linarudi barabarani na kuzima palepale.

Kwenye magari ya zamani rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ikiunganisha, pampu inapata volti 12 zote na kuzunguka kwa nguvu moja muda wote, na mafuta yaliyozidi yanarudi tangini kwa bomba la pili. Magari mengi ya siku hizi hayana bomba hilo la kurudisha. Kompyuta ya injini inapima mahitaji, inalitumia boksi amri, na boksi linakata na kuunganisha umeme wa pampu kwa kasi kubwa mno. Muda wa kuunganisha ukiwa mrefu kuliko wa kukata, pampu inakimbia. Ukiwa mfupi, inatulia. Injini ikinguruma tu gari limesimama, pampu inakwenda polepole. Ukipanda mlima na mzigo, inaongeza. Mafuta hayazungushwi bure na kupashwa moto, na pampu haichoki mapema.

Kukata na kuunganisha huko kunazalisha joto, ndiyo maana mgongo wa boksi ni wa alumini. Na tatizo linaanzia hapo hapo. Kwenye pikapu nyingi boksi limefungwa chini, juu ya chuma cha chesisi, jirani na tairi la spea. Tope linajaa kati ya alumini na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, hasa maji yenye chumvi, moja inaanza kuliwa, na hapo inayoliwa ni alumini. Nilipofungua langu la zamani, mgongo ulikuwa umevimba na kutoa unga mweupe, pembeni una ufa, na ndani ya ufa kuna unyevu uliokwisha kufika kwenye bodi ya umeme. Ukiona ule unga mweupe hapo, usilipanguse boksi na kulirudisha.

Kabla ya kununua nilitaka ushahidi. Fundi wa pili, kijana mtulivu anayependa kupima kuliko kukisia, alifungua swichi bila kupiga stata tukasikiliza kwenye tangi: kimya, wakati kwa kawaida pampu hunguruma kidogo kisha hunyamaza. Akapima umeme unaoingia kwenye boksi, upo. Akapima waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, mzima. Kisha akaipa pampu umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mfupi, pampu ikanguruma na geji ya presha ikapanda. Umeme unaingia kwenye boksi lakini hautoki, na pampu ni nzima. Hapo hakuna tena cha kubishania.

Nisimame kidogo kwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwa sababu inawapoteza watu wengi. Ukipima umeme unaotoka kwenye boksi zima, multimita ya kawaida inaonyesha wastani tu. Boksi likiunganisha umeme kwa asilimia 60 ya muda, utasoma kama volti 7. Hiyo si waya mbovu wala boksi bovu, ndivyo linavyofanya kazi. Nimeona waya mzima wa gari la mtu ukichanwa kwa sababu ya kusoma volti 7.

Tulifanya kipimo kingine ambacho naona hakipaswi kurukwa: tulizungushia waya wa pampu mita ya kubana, tukasoma ampea inazovuta na kulinganisha na kitabu cha gari. Pampu iliyochakaa au kichujio kilichoziba huvuta umeme kupita kiasi, na boksi jipya likifungwa juu ya hali hiyo litaungua kama lile la kwanza. Yangu ilikuwa ndani ya kiwango.

Sasa kifaa chenyewe. Kimenifurahisha. Ndani ya katoni kuna boksi, bolti mbili zisizoshika kutu, na bushi mbili ndogo za plastiki ngumu. Hizo bushi ndizo zilizonifanya nimheshimu aliyelibuni. Zinakaa kati ya boksi na chesisi, alumini haigusi chuma, hewa inapita, tope halipati pa kukaa na kukauka. Yaani hakutengeneza tu kifaa cha kubadilisha kilichokufa, alishughulikia kilichokiua. Mgongo umezibwa kwa utomvu mgumu uliomwagwa vizuri hadi pembeni, sikuona tundu wala povu. Pini zinang'aa na zimenyooka.

Kufunga si kazi ngumu. Toa waya wa hasi wa betri, shusha tairi la spea, chomoa soketi, fungua bolti mbili. Ugumu wote uko kwenye bolti za zamani zilizoganda kwa kutu. Zipulizie mafuta ya kulainisha mapema na uzipe muda. Tulisugua chesisi hadi chuma kikaonekana, tukapiga rangi, ikakauka, ndipo boksi likapanda. Kibano cha soketi kwenye boksi hili ni kigumu kuliko cha awali. Kisukume hadi usikie kimeshika, maana soketi isiyokaa sawa hupasha pini moto na kuziunguza.

Tangu hapo gari linawaka mara moja, likiwa baridi au likiwa moto. Presha inashikilia hata kwenye mlima mrefu na mzigo kamili, na kodi hazijarudi.

Nakuomba usikubali njia ya mkato ya kuruka boksi na kuunganisha pampu moja kwa moja kwa rilei. Gari litawaka, ni kweli. Lakini pampu itakimbia kwa nguvu zote saa zote na presha inaweza kupita kiwango ambacho nozeli zimepangiwa. Na ukipata ajali, mfumo uliowekwa kuzima pampu unaweza usiwe na uwezo tena wa kuizima, wakati bomba limepasuka na petroli inamwagika kwenye injini ya moto. Kuna watu wanakaa ndani ya hilo gari.

Nirudi kwenye ile karatasi. Inasema chomoa la zamani, chomeka jipya, basi. Haitaji betri, ethi wala kupima pampu. Baya zaidi, haisemi kwamba kwenye baadhi ya magari boksi jipya ni lazima liingiziwe programu na kuunganishwa na kompyuta ya gari ndipo lifanye kazi. Langu halikuhitaji. Mwenye gari linalohitaji atalifunga, atapiga stata, halitawaka, na ataamini ameuziwa kifaa kibovu. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa, ukiwa na namba ya chesisi na namba iliyochapwa kwenye boksi la zamani, kwa sababu maboksi mawili yanaweza kufanana sura na soketi lakini yakawa ya injini tofauti kabisa.