Tathmini ya tangi la mawimbi la mezani: ubao unafundisha, feni inapotosha

Kwa wiki sita nimetumia darasani tangi la mawimbi la mezani, yaani sanduku la plastiki angavu lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 40, linalouzwa pamoja na feni ndogo, ubao wa kusukuma maji unaoendeshwa na mota, mchanga laini na chembe za rangi zinazoelea katikati ya maji. Mtengenezaji anaahidi kwamba kifaa hiki kinaonyesha jinsi upepo na mawimbi yanavyofikisha nishati pwani. Ahadi hiyo imetimizwa nusu tu, na nusu yenyewe si ile inayosifiwa kwenye boksi.

Picha kubwa ya boksi ni ya feni. Ukiiwasha, uso wa maji hujaa viwimbi vidogo vinavyopendeza macho, lakini havikui kamwe. Ukubwa wa mawimbi ya bahari hutegemea kasi ya upepo, muda ambao upepo huo unavuma, na umbali wa maji yaliyo wazi unaoupitia bila kizuizi. Kasi ya feni unaweza kuiongeza, na muda unaweza kuurefusha hata kwa saa nzima, ila umbali unabaki sentimita zilezile 120. Isitoshe, kiwimbi chenye urefu (yaani umbali kutoka kilele hadi kilele) usiofikia sentimita 1.7 hivi hutawaliwa zaidi na mvutano wa uso wa maji kuliko na nguvu ya uvutano wa dunia, kwa hiyo anachokitazama mwanafunzi hapo si wimbi la bahari lililopunguzwa ukubwa bali ni jambo la aina nyingine. Kijitabu cha maelezo kimelinyamazia suala hili.

Ubao ndio unaostahili fedha ya mnunuzi. Nilipouweka upige mara tatu kwa sekunde katika maji ya kina cha sentimita 12, yalitokea mawimbi ya urefu wa takribani sentimita 17, na chembe za rangi zikaonyesha wazi kwamba maji hayasafiri na wimbi: kila chembe ilizunguka na kurudi karibu na pale ilipoanzia, huku nishati peke yake ikiendelea mbele. Miduara hiyo ilipungua kadiri nilivyotazama chini zaidi, na karibu na kina cha nusu ya urefu wa wimbi mwendo ukawa umetoweka karibu wote, hivyo mchanga wa sakafuni ukatulia. Nilipopunguza mapigo kwa nusu, mawimbi yakarefuka, mwendo ukafika chini, na mchanga ukaanza kusogea. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini wimbi refu linalokaribia ufuo hupungua kasi, hubanana na lililo mbele yake, huinuka, kisha huvunjika pale kina kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake.

Kirekebisha kimo nacho kimetengenezwa vizuri. Kimo kikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Baharini, wimbi la mita 2 hubeba takribani kilojuli 5 kwa kila mita ya mraba ya uso wa maji, na la mita 4 hubeba 20. Ufukwe wangu wa mchanga ulistahimili mawimbi ya sentimita 1 kipindi kizima, ukaanza kumeguka muda mfupi baada ya kuyafanya ya sentimita 2. Asichukue mtu saa kupima kasi ya mmomonyoko huo, kwa sababu punje za mchanga hazikupunguzwa ukubwa kama yalivyopunguzwa mawimbi.

Kipande cha plastiki kinachowakilisha rasi huonyesha mawimbi yakipinda kuielekea rasi na kulegea kwenye ghuba za pembeni, ingawa upana wa tangi unabana sana onyesho hilo. Ukuta wa nyuma hurudisha mawimbi na kuvuruga kila kitu, kasoro ambayo niliitibu kwa vipande vya sifongo ambavyo vingepaswa kuwemo kwenye boksi. Ubao haugeuki pembe. Hivyo, ili kuonyesha mchanga unavyohamishwa kandokando ya ufuo, nililazimika kuujenga ufukwe kimshazari. Punje zilipanda na maji kwa mshazari, zikashuka moja kwa moja, zikapanda tena, na ndani ya dakika chache lundo dogo likawa limejikusanya kwenye kona ya mbali. Jaribio hilo halimo kijitabuni, na ndilo lililorudiwa mara nyingi kuliko yote.

Toleo lisilo na feni lipo pia, nami ningelichagua hilo.