TAHADHARI: Huyu muuza kadi za 5565 ni tapeli, msimtumie hela

Wakuu, yule jamaa anayejitangaza kwenye magrupu ya spea za simuleta kwamba ana kadi za VMIC 5565 (kadi za kompyuta zinazounganisha mashine za simuleta kwa faiba ili zitumie memori moja ya pamoja) "zimejaribiwa, ziko fiti", ni tapeli mkubwa. Dola 900 zimekwenda. Na sio hela yangu, ni ya bosi, mimi ndiye niliyemwambia huyu mtu ni wa kuaminika, sasa hivi huku Dubai nikipita koridoni naangalia chini kwa aibu.

Nilimwambia wazi kabisa: nataka ya sloti ya PCI, memori 128MB, multimodi (ile ya faiba za masafa mafupi), maana nodi zetu zote, yaani kompyuta zenye kadi hizi, kwenye ringi (mzunguko wa faiba unaoziunganisha) ni 128 na faiba zilizolazwa pale ni multimodi. Akajibu "ipo braza, ngoja nikuonyeshe live". Akapiga video. Kadi iko kwenye sloti, mashine imefunguliwa ubavu, anamulika na tochi, naona faiba inatoka tundu la kutuma inarudi tundu la kupokea la kadi hiyohiyo, taa ya signali inawaka, akaandika kitu kwenye kibodi na taa ya data nayo ikawaka, na nyie mnaozijua hizi kadi mnajua ile taa haiwaki mpaka kadi ione data yake yenyewe imezunguka ikarudi. Nikamwambia nionyeshe swichi za namba ya nodi. Akasogeza kamera, nikaziona zote nane, nikamwambia niwekee nodi 4, akachukua bisibisi ndogo akasukuma swichi moja taratibu huku ananiuliza "hiyo nne hamna mwingine anaitumia kwenye ringi?" Jamani, mtu anayeuliza swali hilo ni fundi, anajua nodi mbili zikigongana namba ringi inavurugika, tapeli wa mtaani angelijulia wapi? Halafu akanisomea siriali kwenye stika, nikapiga skrinshoti. Kwa hayo yote hata nyie mngelipa.

Mzigo umefika, siriali ni ileile, nimechomeka, nimewasha, lspci (amri ya Linux inayoorodhesha kadi zilizochomekwa) inaonyesha 114a:5565, namba ya utambulisho wa kadi hii, nikashusha pumzi. Nikashuka mistari ya chini: eneo la memori, 64M. Nikampigia, akanijibu kwa upole kabisa eti hizo ni swichi za dirisha la memori, kadi inajionyesha ndogo lakini ndani ni 128. Muongo! Nikasoma rejista ya kadi yenyewe, ile inayotaja memori iliyofungwa, nayo inasema 64. Programu yetu ya mwendo wa jukwaa la simuleta inaandika kwenye nusu ya juu ya hizo 128, kwa hiyo hiyo nodi ya 64 ingekaa kwenye ringi na isione chochote cha huko.

Nikasema basi angalau nijaribu faiba. Taa ya signali kimya. Kumulika kidude cha leza, kimeandikwa 1310 (urefu wa wimbi la mwanga, kwa nanomita), yaani ni singo modi, ile ya kwenda mpaka kilomita 10, wakati yetu ni ya 850 ya mita 300. Hapo ndio nikaigeukia stika. Nikaikwangua pembeni kwa kucha, ikanyanyuka yote kirahisi, gundi bado mbichi, na chini yake kuna stika nyingine imefifia, siriali tofauti, kodi ya aina ya kadi tofauti. Kumbe stika ya ile kadi nzima aliyonionyesha kwenye video ameibandua akaja kuibandika kwenye huu uchafu! Kadi nzima kabaki nayo, na sasa hivi atakuwa anamwonyesha mwingine.

Nilipomtumia picha ya stika mbili akaisoma, akanibloku. Mtu wa hivi anatakiwa awe ndani, sio kubembelezwa. Namba zake nimeshazipeleka polisi pamoja na risiti, na maadmini wa magrupu nawaomba mtoeni leo hii, msisubiri alizwe mwingine, kuna watu wana simuleta zimelala na wanahangaika kweli kupata hizi kadi, huyo anawanyonya shida zao. Alipe kila senti na ajulikane kila anakoingia.

Mkikutana naye: stika inang'aa na bodi ina vumbi kwenye pini, akikwepa kukuonyesha lspci na maandishi ya leza kwenye video hiyohiyo, akitaka utume hela kwa njia ya marafiki na familia ili usiweze kuidai, achana naye. Maandishi ya leza hasa, mimi alinipitishia kamera pale haraka.

Anabadilisha majina lakini picha za tangazo ni zilezile, meza ya kijani na kadi juu ya kitambaa cheupe. Mwenye namba yake nyingine anitumie inbox, naikabidhi kwa askari anayeshika kesi.